Vibati Arobaini na Moja

Jumanne, 5 Februari 1957
Nyololo. Lori limelala hapa tangu jana saa nane mchana. Tope mpaka kwenye ekseli. Dereva amekata matawi, ameweka mawe, tumesukuma watu kumi na wawili – halitoki. Barafu niliyopewa na mwenye bucha kule Mbeya ilijaa thamosi mbili. Jana jioni ilikuwa nusu. Leo asubuhi vipande. Mchana huu maji.

Nimetia kidole. Si ya moto. Si ya baridi pia.

Kitabu cha kazi kinasema dawa ya kuchanja mbwa, ile ya kuzuia kichaa, ikikaa bila barafu itupwe. Hii ya mbwa ni dawa hai, wanaiotesha ndani ya yai la kuku halafu wanaikausha. Ikipata joto inakufa, na ikifa huwezi kuijua kwa macho. Unga ni ule ule, kichupa ni kile kile.

Saa kumi limekuja trekta la shamba la chai, likatuvuta. Nimefika Igowole nimelowa mpaka fulana. Kesho ni siku ya kuchanja mbwa.

Jumatano, 6 Februari
Nimechanja. Mbwa arobaini na moja.

Niandike hapa jinsi ilivyokuwa, maana kwenye ripoti sikuandika. Saa moja asubuhi watu walishajaa uwanja wa shule, mvua inanyesha, mbwa wamefungwa kamba za majani ya miwale. Wengine walitoka usiku milimani. Mwezi wa kwanza niliwaita nikashindwa kuja, Kasian, mfugaji mmoja wa hapa, akasema mbele ya watu wote kwamba Bwana Mifugo huyu wa Kinyakyusa anatuchezea. Na Jumbe ametangaza: kuanzia tarehe mosi Machi, mbwa asiye na kibati cha chanjo shingoni atapigwa risasi. Nikiwarudisha leo, dawa nyingine itafika lini? Baada ya tarehe mosi. Hilo nililijua.

Nikajiambia huku ni baridi, labda dawa bado ina nguvu. Nikachanganya na maji, nikachoma.

Mwalimu Sedekia, kiongozi wa kwaya ya Kilutheri, ndiye aliyewapanga mstari. Jumapili mbili mfululizo amewahimiza watu kanisani walete mbwa wao. Wa kwake anaitwa Polisi, mwekundu, mtulivu, hakulia hata kidogo. Mwalimu alimfunga kibati mwenyewe, akacheka kwamba sasa Polisi ana cheo.

Kwenye fomu kuna mstari: barafu ipo / haipo. Nimeandika ipo.

Vichupa vinne vimebaki. Sijavitupa. Sijui kwa nini.

Jumapili, 10 Februari
Kanisani. Mwalimu kanishukuru mbele ya usharika. Watu wakageuka kunitazama. Nimeondoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Jumamosi, 2 Machi
Askari wa Jumbe wamepita na bunduki. Mbwa saba wa upande wa bondeni wamekufa. Wenye vibati hawakuguswa. Watu wananisalimia vizuri mno – Kamwene, Bwana Mifugo, kamwene. Mke wa Kasian kaniletea viazi. Nimepokea.

Jumatatu, 25 Machi
Polisi amemuuma Mwalimu Sedekia.

Ilikuwa saa tatu, nyuma ya nyumba yao. Esta, mke wa Mwalimu, anasema tangu juzi mbwa hakula, alijificha chini ya ghala, sauti imebadilika kama aliyekabwa. Mwalimu akaenda kumvuta amtazame. Akaumwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, mpaka mfupa. Mbwa akatoka mbio, mate yanamwagika, jirani yao Saulo akamchoma mkuki ubavuni.

Nimefika mbio. Nimeosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, robo saa nzima. Nikamwambia Saulo asiguse kichwa. Nimekikata, nimekitia kwenye debe na maranda, kesho kinakwenda Mbeya, kutoka huko maabara. Watatazama ubongo kwa darubini, halafu watawachoma panya weupe kwa ubongo ule na kungoja. Majibu si ya kesho wala keshokutwa.

Tukaenda hospitali ya misheni. Muuguzi aliyetupokea ni Verediana, mama mtu mzima, haongei sana. Akaeleza: dawa ya watu si kama ya mbwa. Hii imetengenezwa kwa ubongo wa kondoo, imekwisha kuuawa kabisa, sindano kumi na nne, kila siku moja, tumboni. Inaokoa. Lakini mara moja moja, mara chache sana, mtu hupooza miguu kwa ajili ya dawa yenyewe. Kwa hiyo Sista daktari hatoi ovyo. Anauliza kwanza: mbwa alichanjwa?

Mwalimu akajibu kabla yangu. Akasema amechanjwa mwezi wa pili, ana kibati, na aliyemchanja ni huyu hapa.

Verediana akanitazama. Nikasema ndiyo, nilimchanja mimi.

Sista akaamua wangoje majibu. Mwalimu akafurahi. Ana hofu ya sindano kuliko ya mbwa.

Jumanne, 26 Machi
Debe limekwenda. Nimemlipa utingo wa lori nauli ya debe kama ya abiria.

Sijala. Nilisema ndiyo, nilimchanja. Si uongo. Ndiyo ubaya wake.

Nimemwona mtu mmoja tu aliyekufa kwa kichaa cha mbwa, Iyunga, mwaka juzi. Nitamwona tena nikilala.

Jumatano, 27 Machi
Nimesema.

Nilimkuta Mwalimu shambani kwake, anapalilia maharage kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nilipofika yakanitoka yote. Nikaanza hivi:

"Mwalimu, kile kibati cha Polisi hakina maana. Barafu iliniishia Nyololo. Dawa niliyomchoma nadhani ilikuwa imekufa."

Akasimamisha jembe. Akauliza swali moja tu.

"Ulijua kabla ya kuchoma au baadaye?"

"Kabla."

Nilitamani anipige. Kisha akachukua koti lake kwenye kisiki, akasema, "Basi twende hospitali. Mengine baadaye."

Maili nne. Ukungu ulikuwa mzito, nilimwona mgongo tu.

Verediana nilimwambia yale yale. Hakunigombeza. Aliniuliza Mwalimu aliumwa Jumatatu saa ngapi, akahesabu kwa vidole, akaingia kwa Sista. Akarudi akasema tumepoteza siku mbili, na dawa iko Iringa, si hapa. Gari la misheni limeondoka saa hiyo hiyo kuifuata.

Siku mbili nimezipoteza mimi, si sisi. Aliongea kwa adabu.

Alhamisi, 28 Machi
Sindano ya kwanza. Gari lilirudi alfajiri, sanduku lina barafu mpaka juu – Verediana alinifungulia nione. Kila kichupa kina namba ya kundi lake na tarehe ya mwisho. Akaniambia kila kundi hupimwa kabla ya kutoka kiwandani: hupewa wanyama kwanza, watazame kama hakuna kilichobaki hai ndani yake, na kama kinga inashika. Kundi likishindwa, lote linamwagwa. Wanapima yote hayo, halafu linafika kwa mtu kama mimi.

Hilo la mwisho si yeye aliyelisema. Nimeliongeza mwenyewe.

Mwalimu alilala chali, akafumba macho, akaimba sauti ya tatu ya wimbo peke yake taratibu mpaka sindano ikaisha. Tumbo limevimba kama amemeza yai.

Jumapili, 31 Machi
Sindano ya nne. Wanahama upande: kulia, kushoto, juu, chini.

Nimemwandikia Bwana Dakta wa mifugo, Mbeya. Kurasa mbili. Nimetaja fomu. Nimetaja vichupa vinne. Nimewaandikia na nyumbani Rungwe, lakini ile sijaipeleka posta.

Esta haongei nami. Ananikaribisha, ananipa kigoda, anatoka nje.

Jumatano, 3 Aprili
Sindano ya saba. Mwalimu anatembea vizuri, Verediana humpima miguu kila siku kwa kumwambia asimame kwa mguu mmoja.

Saa sita Landrova ya Bwana Dakta imeingia. Amekuja mwenyewe, na masanduku mawili ya dawa mpya na barafu, na barua yangu mkononi. Kiswahili chake ni cha amri lakini anasikiliza. Aliuliza kwa nini niliandika barafu ipo. Nikamwambia watu walikuwa wamesimama kwenye mvua, na risasi ilikuwa tarehe mosi. Akasema hilo ni jibu la kwa nini ulichanja, si la kwa nini uliandika. Nilimwambia niliogopa.

Vichupa vinne amevichukua. Maabara watavipima: panya kundi moja watachomwa dawa hiyo, kundi la pili hawatachomwa, kisha wote wapewe ugonjwa. Wakifa sawasawa, dawa ilikuwa maji matupu. Nilimwambia sihitaji panya kunieleza. Akasema yeye anahitaji, maana malori yataendelea kukwama Nyololo na lazima ijulikane dawa inavumilia saa ngapi.

Kuhusu mimi atawaandikia wakubwa. Hajui watasema nini. Lakini kwanza mbwa arobaini wachanjwe upya, na mtu anayejua nyumba zao ni mimi. Nikauliza niwaambie nini wenyewe. Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto.

Ijumaa, 5 Aprili
Telegramu. Maneno machache: ubongo wa mbwa Igowole – kichaa, hakika.

Nimempelekea Mwalimu kwa mkono. Alisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Akasema usingesema, mpaka jana tungekuwa bado tunaingoja.

Sindano ya tisa.

Jumamosi, 6 Aprili
Nimeanza nyumba kwa nyumba. Leo mbwa kumi na wawili. Kila mlango nasimulia mwenyewe, kwa Kiswahili, na Mwalimu anarudia kwa Kibena kwa wasionielewa. Nilimwambia abaki nyumbani apumzike. Alikataa. Anasema watu walileta mbwa kwa maneno yake, kwa hiyo maneno haya pia ni yake.

Mzee mmoja alinirudishia kibati, mbwa akamshika mwenyewe nimchome. Mama mmoja alilia, si kwa hasira. Wanawe wanalala na mbwa yule.

Jumatatu, 8 Aprili
Sindano ya kumi na mbili. Mbwa thelathini na tano tayari. Wawili hawaonekani, wenyewe wanasema walipotea wiki jana. Nimemwarifu Jumbe. Sipendi neno hilo, walipotea.

Jumanne, 9 Aprili
Sindano ya kumi na tatu. Mwalimu kamwambia Verediana kidole kinawasha tangu jana, na kichwa kizito. Verediana akashika kidole, akakigeuza dirishani. Akasema kidonda kinachopona huwasha. Na dawa hii huleta homa. Hakusema la tatu, kwamba kichaa nacho huanza kwa kuwasha pale mtu alipoumwa. Akampima miguu: imara, yote miwili.

Tungerudi nyumbani, lakini nyumba ya Kasian ilikuwa imebaki, na ana mbwa watatu. Mwalimu akataka twende.

Kasian alitupokea ugani, watoto wamemzunguka. Nikasimulia. Nilipofika kwenye barafu alinyanyuka. Akasema aliwahi kunena mbele ya watu kwamba mimi nawachezea, na watu wakamwona mkorofi. Akasema mwanawe wa mwisho huwafungulia mbwa hawa vinywa kwa vidole. Nikasema najua. Akasema hujui chochote, huna mtoto hapa.

"Na mimi niliyeumwa je?" Mwalimu akamuuliza. Akainua mkono wenye kitambaa. "Mimi nimekaa naye wiki mbili. Kosa lake analijua. Sasa mshike mbwa, tuchanje, utukane baadaye."

Kasian akamtazama sana. Kisha akamshika mbwa wa kwanza, mweusi mkubwa. Kibati cha zamani nikakikata, nikafunga kipya. Wa pili. Wa tatu. Barafu ilikuwapo, nilimwonyesha mwenyewe, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko.

Tulipomaliza Mwalimu aliketi kwenye gogo, akaomba maji. Kasian akamtuma mkewe. Kikombe cha bati, kimejaa.

Uga wote ulimgeukia. Hata watoto. Hapa kila mtu anajua: mtu aliyeingiwa na kichaa cha mbwa hawezi kumeza maji, koo linakataa. Mwalimu alijua kwamba tunamtazama. Alishika kikombe kwa mikono miwili. Akanywa funda moja. Likashuka. Akanywa la pili, polepole zaidi.

Akakiweka kikombe chini, nusu. Akasema maji ni baridi.

Nimeyaonja baada ya yeye kutangulia njiani. Yalikuwa baridi kweli. Kasian aliyaonja baada yangu.

Kesho saa mbili, sindano ya kumi na nne. Nimemwambia nitampitia mapema. Sasa hivi taa yao inawaka, naiona kutoka hapa, na Mwalimu anakohoa – au anaimba, kwa mbali ni vigumu kujua.