Bisi Iliyokula Kilima

Mujukuu wangu Esperansi,

Hapa Baraka tuko wazima. Mama yako iko anakusalimia, na mbuzi yako imezaa mapacha. Umeniuliza kwa nini, uliponisifia bisi ya umeme uliyopanda huko Kigali, mi niliuliza tu: "Inakula nini?"

Wakati wa Babeleji, bisi ya kupanda Fizi haikunywa esanse, yaani petroli; ilikula makala, makaa ya miti. Nyuma ilibeba pipa la moto, na moshi wake ndio uliozungusha mashini. Makala hayo baba yangu ndiye aliyeyachoma. Alijivuna: "Esanse ni ya Bazungu. Makala ni ya bure."

Kiangazi kimoja nikaipanda, mara yangu ya kwanza. Kwenye mulima ikachoka, tukashuka kusukuma. Mama mumoja mwenye kitunga cha ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kichwani akatupita kwa miguu, akicheka. Nikageuka nimujibu, na macho yangu yakashuka mpaka bondeni. Kule chini nilitafuta kilima chetu, ambako kila musimu wa mvua mama alituokotea uyoga chini ya miti. Mungu wangu! Palikuwa na mugongo mwekundu, mutupu, kama ng'ombe aliyechunwa. Kumbe baba alianzia kukata miti ya makala upande wa nyuma. Nyumbani tuliona miti ya mbele tu.

Nilishindwa kumwambia mutu.

Mvua ilipofika, mama alitoka na kitunga chake kama kawaida. Akarudi nacho kitupu, akakiweka mbele ya baba. Baba alikitazama ndani, akasema:

"Na mi nilisema ni bure."

Ni mi, koko yako.