Kadi ya Mlango

Kaka yangu,

Sisi wote wazima, paka kazaa tena ndani ya kabati, na zile kadi tulizochora kwenye maboksi ya sabuni bado zinachezwa. Hutaamini ninacheza na nani. Baba!

Sheria ni zilezile. Kila mtu anashika fungu, anachagua kadi moja, zinazobaki anampa mwenzake, hivyo hivyo mpaka ziishe. Mimi nafuata mbinu yako: nawahi kadi za moto, kisha nakusanya zinazosaidiana nazo. Nashinda mpaka naona aibu.

Maana Baba ana mbinu ya ajabu. Akiona Mlango tu, anauchukua kwanza, hata kama pembeni yupo Simba mwenye nguvu tisa. Nimemchunguza weee, sielewi. Mlango peke yake hauna nguvu yoyote. Unafanya kazi ukiwa na Msafiri tu. Na Msafiri uliondoka naye wewe, siku ile Baba alipokuambia usikanyage tena hapa.

Jana uvumilivu ukanishinda. "Baba, hiyo kadi ya bure. Msafiri hayumo humu."

Akaendelea kupanga kadi zake kwa vidole vilivyojaa rangi ya viatu vya wateja.

"Najua hayumo," akasema. "Sasa akirudi, aingilie wapi?"

Nikampa fungu lililobaki.

Nijibu upesi, unajua siwezi kulala na swali: Msafiri bado unaye?

Mimi mdogo wako,
bingwa wa meza hii tangu uondoke