VJ Ridwan na Mjane wa Supu

Ruqaiya, uko wapi?! Kaka yako Ridwan ametumaliza leo hapa Mbale!

Si aliitwa kama VJ, awatafsirie watu filamu ya Kroatia papo hapo kwenye kibanda cha video? Mwenye filamu mwenyewe, mama wa Kizungu, amekaa mbele, na mkalimani wake Lillian anamnong'oneza kwa Kiingereza kila anachosema Ridwan.

Filamu yenyewe sasa! Mjane yuko mezani, anaangalia supu. Hasemi. Anaangalia supu. Bado anaangalia supu, wallahi!

Watu wakaanza kuzomea. Jasho likamtoka Ridwan, maana VJ gani hukaa kimya? Akashika maiki: "Supu hii ndiyo iliyomuua mume wangu! Na leo mama mkwe anakuja kula!"

Kibanda kizima vigelegele!

Mzungu akaruka na Kiingereza chake: "Simamisha! Huyo mama hasemi kitu! Ni majonzi!"

Afande Wanyama, kutoka nyuma: "Madamu, kaa chini. Unatuharibia sinema."

Akakaa, Ruqaiya! Filamu ni yake, na akakaa!

Mara pale kwenye skrini akaingia bibi kizee, akavuta kiti. Mzungu huyo, kamshika Lillian mkono: "Mungu wangu, ataionja?"