Simba Uliyepewa

Baba,

Nakuandikia nikiwa nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu wewe mwenyewe hukupenda mtu anayezungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Darasani na hata mezani ulituambia, "Sema kwanza, eleza baadaye." Basi nimesema. Nimekukasirikia, na pia nakuwaza mpaka kifua kinauma, na siku nyingine sijui ni lipi kati ya hayo mawili linaloniliza.

Hapa nyumbani Sosiot mambo si mabaya sana. Yule ng'ombe wa pembe moja alizaa ndama jike. Majani ya chai yanachumwa, ingawa mvua iliharibu barabara na lori la kiwanda likakosa kufika, tukamwaga mengine. Mama haachi kwenda kanisani, na anakaa palepale kwenye benchi lenu, pembeni, kana kwamba umetoka nje kidogo utarudi. Mimi bado nashona yunifomu sokoni. Na pesa zako ziko ukutani. Tulipopaka rangi sebule Mama alikataa zisiguswe, fundi ikambidi azizunguke na brashi huku akinung'unika.

Wageni wanauliza, nami nawaeleza. Nawaambia Baba alikuwa mwalimu wa historia, na ugonjwa wake, hata alipostaafu, ulikuwa mmoja, kwenda saiba, kwenye duka la kompyuta pale Kericho, kuprinti picha za sarafu za kale zenye simba. Halafu ulikuwa ukizikata kwa makasi ya Mama, yale ya nguo, ambayo hukuruhusiwa kuyagusa, na kuzibandika ndani ya vifuniko vya soda. Watoto wa shule waliziita pesa za mwalimu. Uliwafanya wauziane mahindi ya kukaanga nazo darasani, na wengine walilia ulipowaambia wazirudishe.

Nawajua simba hao wote, Baba. Yule wa nchi ya kale ya Lidia mwenye mdomo wazi, kutoka pesa za kwanzakwanza ambazo binadamu walitengeneza. Yule wa Sisili aliyezungukwa na punje za shayiri. Yule wa sultani mmoja wa Misri, anayetembea ameinua mguu kama anayeogopa umande. Yule wa Bohemia mwenye mikia miwili, ambaye Mama alisema huyo sasa amezidi. Na yule wa masultani wa Rum, huko Uturuki, aliyebeba jua mgongoni. Huyo ulimweka kando ya picha ya harusi yenu, kwa sababu ukoo wako ni wa simba na ukoo wa Mama ni wa jua, na ulikuwa ukimwambia kila mgeni kwamba hata masultani walijua mtaoana. Mama alijifanya hasikii, lakini kile kifuniko ndicho alichokuwa akikipangusa kuliko vingine vyote.

Lakini uliyempenda zaidi alikuwa mbaya wa sura. Alitoka kwenye kipesa chembamba cha Ulaya, cha zama za kati, mahali ambapo simba hajawahi kukanyaga. Ana masikio ya mbwa na uso wa mtu, tena anatabasamu. Mimi nilicheka siku ulipomleta, nikasema huyu ni mbwa wa jirani aliyeiba mayai. Wewe hukucheka. Ulimsogeza karibu na dirisha ukasema, "Aliyemchonga hakuwahi kumwona simba. Alisimuliwa tu. Lakini angalia alivyomshika." Nikadhani ni historia tu unafundisha, nikaendelea na kushona kwangu.

Sasa nikwambie kilichotokea.

Unamkumbuka Weldon, yule kijana wa Roret anayefanya kazi kwenye mtambo wa kupoza maziwa. Ndiye aliyekuwa akikusindikiza kliniki ulipoanza kuishiwa nguvu, na ukasema ana mikono mipole. Baba, nilimpenda. Tulikuwa tumeshapanga mpaka mahali pa kujenga. Na katika muda wote huo hatukuulizana mnyama wa ukoo. Kosa letu ndilo hilo, na nadhani ni sisi watu wa huku tu tunaoweza kulifanya. Tuliulizana shule, kanisa, kundi la damu, hata timu ya mpira. Mnyama wa ukoo tuliwaachia wazee, tukiona ni mambo ya kufungulia kikao tu, kama maombi.

Wazee wake walikuja kuposa. Baba Mdogo Joel alikaa kwenye kiti chako, na kwa kweli alipendeza, amevaa lile koti lako la kahawia. Kabla ya chochote wakaulizana, kama inavyotakiwa, na Baba Mdogo akajibu kifua mbele kwamba sisi ni watu wa ng'etundo, simba. Mimi nilikuwa jikoni na sinia la nyama mkononi. Baba mkubwa wa Weldon aliweka chini kikombe cha maziwa ya mursik, akasema polepole kwamba wao pia ni wa simba.

Hakuna aliyekataa kwa mdomo. Haikuhitajika, maana wenye mnyama mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Walikula kwa heshima, wakaongea habari za mvua na bei ya chakula cha ng'ombe, wakaomba, wakaondoka. Nililia mpaka Mama akaniambia nijikaze, halafu akalia yeye.

Siku chache baadaye Baba Mdogo akaniita shambani. Tukachuma chai pamoja mistari miwili bila neno, wewe unamjua alivyo, mpaka mikono ishughulike ndipo mdomo ufunguke. Akaniambia kwamba wewe hukuzaliwa kwetu.

Nilidhani amelewa. Akasema mama yako mzazi alitoka Gusii, kwa Wakisii, alikuwa mchuma chai kwenye shamba la kampuni, akikaa kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, huko karibu na Kericho. Babu alikuwa akifanya kazi naye. Mama huyo aliugua, akafa, na wewe bado unatambaa, na hakuna mtu wake aliyekuja kukuchukua. Babu akakubeba mabegani mpaka hapa. Wazee wakachinja kondoo, wakakuvisha kipande cha ngozi yake kidoleni, wakakupa ukoo na mnyama wake. Wakasema kuanzia siku hiyo wewe ni wao, na atakayekuita mgeni atakuwa amejiita mgeni mwenyewe. Na hakuna aliyewahi kusema. Baba, miaka yote hiyo, na midomo ya hapa ninavyoijua, hakuna hata mmoja.

Halafu akafika alikokuwa akienda. Alikuwa ameongea na wazee wa Weldon kichinichini. Kama itasemwa wazi, mbele ya watu wote, kwamba baba yangu hakuwa wa simba kwa damu, basi hata mimi si wa simba, na hakuna kizuizi. Aliacha kuchuma, akaniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nikilisema hilo mbele yao, nyinyi mtaoana," akasema. "Na ndugu yangu nitakuwa nimemtoa nje ya boma. Amua wewe, mimi siwezi."

Hapo ndipo nilipokukasirikia. Ungeniambia. Ulikuwa na nafasi ngapi, mimi na wewe, mimi kwenye cherehani na wewe na vifuniko vyako, ukinieleza simba wa watu wote duniani isipokuwa huyu wako. Ulijua. Babu alikuambia kabla hujaoa, Baba Mdogo amethibitisha. Nilirudi nyumbani nikasimama mbele ya ule ukuta, nikamtazama yule mwenye masikio ya mbwa, na nikalia kwa hasira kwa sababu sasa nilikuwa nimekuelewa na wewe haupo.

Nikamuuliza Mama. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua kichwa. Mwisho akasema, "Mimi niliolewa na simba. Mtu mwingine simjui." Nikamwambia basi anataka nikose mume. Akasema hajasema hivyo, na kwamba hata yeye moyo wake umegawanyika, anataka wajukuu na anataka mume wake aachwe apumzike, na mimi nisimtupie yeye mzigo ambao umewekwa mbele yangu. Akaendelea na maharagwe. Yalikuwa yameshakwisha kuchambuliwa, lakini aliendelea.

Weldon naye sikumficha. Alifurahi, Baba, na siwezi kumlaumu. Alinishika mikono akasema Mungu amefungua njia. Akasema mzee ameshapumzika, haya ni maneno tu, yatasemwa asubuhi na jioni tutakuwa tumeyasahau. Nikamwambia huku kwetu maneno kama hayo hayasahauliki. Nikamweleza kwamba kuanzia siku hiyo utaitwa yule Mkisii aliyelelewa, na watu watapita kando ya kaburi lako wakinyoosha kidole kuwaonyesha watoto wao. Kisha akaniuliza kama yeye, aliye hai, hana uzito wowote. Lile swali mpaka leo linanichoma, kwa sababu alikuwa na haki ya kuliuliza.

Wazee wake walirudi pamoja naye Jumamosi iliyopita. Nilikuwa nimemwambia Baba Mdogo aseme. Ndiyo, Baba, nilimwambia aseme. Nilijiambia wewe ni mwalimu, utaelewa, utasema historia ni historia. Nilipika tangu asubuhi nikiimba.

Baba Mdogo akasimama. Akasema, "Kuhusu marehemu ndugu yangu," akakwama. Akaanza tena, na mara ya pili pia hakuvuka pale penye "ndugu yangu." Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye kola. Wazee wa Roret wakainamisha vichwa kwa adabu, wakingoja. Nilikuwa mlangoni na thamosi ya chai, mahali ambapo msichana anayeposwa hatakiwi hata kukohoa. Sikupanga. Niliiweka thamosi mezani nikasema:

"Baba Mdogo, kaa chini. Sisi ni simba."

Akakaa. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, alinishika mgongoni. Weldon aliniangalia, na hakuniuliza kwa nini, maana alijua. Aliinuka, akamuaga Mama vizuri, akatoka. Niliusikia mlango wa geti ukifungwa taratibu. Angeubamiza ningepata nafuu.

Hajapiga simu. Sokoni wanasema nilimchezea mtoto wa watu, na wateja wangu wawili wamechukua vitambaa vyao. Mama hajanisifu. Baba Mdogo anakuja kila asubuhi kukamua ng'ombe ingawa hakuna aliyemwomba, na akinikuta uani anaangalia ndoo. Nilidhani mtu akifanya jambo la haki anahisi wepesi. Mimi nahisi njaa tu, na sitaki kula.

Na kuna moja linalonitesa kuliko yote. Ungekuwa hai, ungesimama wewe mwenyewe. Nakujua. Ungekohoa kile kikohozi chako cha darasani, ukawaambia, mimi ni wa kupewa, mwacheni msichana aolewe. Ungelitoa kwa ajili yangu bila kufikiria mara mbili, na ungerudi ndani ukaendelea na gundi yako kana kwamba hujapoteza kitu. Kwa hiyo labda nimekukosea kwa kukulinda. Lakini Baba, wewe ungetoa kilicho chako. Mimi ningekuwa nimekunyang'anya ukiwa umelala, huwezi hata kunyoosha mkono. Nimeligeuzageuza jambo hili na kila mara nafika hapohapo. Sikuweza. Nampenda Weldon mpaka leo hii ninapoandika, na sikuweza.

Sasa nakuaga, maana machozi yanaharibu karatasi. Hasira bado ninayo, sitakudanganya, lakini kaa huko ukijua kwamba hapa kwetu wewe ni yuleyule, kitini pako na kaburini pako, na mimi nikiwa hai hakuna atakayekuondoa.

Ila kuna mtu mmoja tumemwacha nje ili wewe ubaki ndani. Nilimuuliza Baba Mdogo jina la mama yako, yule aliyekuwa akichuma chai, akasema hakuwahi kuambiwa. Mama pia hajui. Amelala mahali fulani huko kwenye mashamba ya kampuni na hakuna anayemwita. Nakuahidi nitamtafuta. Nitaanza na wale bibi waliozeekea kwenye laini, nitasema natafuta kazi ya kushona. Sitamweleza mtu yeyote namtafutia nani. Na nikilipata jina lake nitakuja nikae chini hapo kando yako, nikuambie wewe peke yako, kwa sauti ya chini, ndugu zako wasisikie.

Binti yako,
Chepkemoi