Sabuni Iliyonuka Maandazi

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia tena, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia. Ulinilea hivyo. Hapa Newala mikorosho imeanza kutoa maua, na kisima chetu cha maji ya mvua ni kikavu. Ndoo ikishuka inagonga sakafu. Wewe ulikiacha kimejaa. Wamekimaliza watu waliokuja kukulilia.

Nina hasira, Mama. Wacha niseme kwako, maana hapa nyumbani nikifungua mdomo naambiwa nimerithi uchoyo wako.

Hukuwa mchoyo. Ulikuwa unabana matumizi, basi. Maji yaliyoosha mchele yalisuuza vyombo, yaliyosuuza vyombo yakaenda kwenye migomba. Dodoki la kusugulia sufuria uliliotesha kwenye uzio. Fulana za Baba zilipochakaa zikawa madekio. Na ile sabuni yako! Jirani yetu Mama Zuhura akimaliza kukaanga maandazi, anataka kumwaga mafuta meusi yaliyobaki, wewe umeshafika na kopo. Unayachuja kwa kitambaa, unayapika na maji makali yaliyochujwa kwenye majivu, unatia chumvi igande, unatupia mchaichai ipate harufu. Ikikauka bado inanuka maandazi. Nikiwa shule ya msingi mbwa walikuwa wananifuata njiani.

Shangazi Salome, wifi yako wa Masasi mjini, kila akija alikuja na sabuni yake ya dukani kwenye mkoba. "Wifi, hii yako mtu anaoga, au anakunywa nayo chai?" Watu wanacheka mpaka wanajishika mbavu. Na wewe unacheka nao. Mimi sikuwahi kuona cha kuchekesha.

Mvua zilipokwisha ulipika sabuni ya mwisho, ukaipanga kwenye ungo, ukaipandisha darini ikauke. "Mama Neema, hii mtu asiiguse. Ni ya kumwogeshea mke mwenzangu siku akitoka unyagoni." Hivyo ndivyo ulivyomtania Neema wangu tangu yuko mgongoni. Kisha kifua kikakubana. Nikasema tuite pikipiki twende hospitali. "Hela ya pikipiki mnunulieni mtoto khanga. Hiki kifua kitatulia kwa mchaichai." Hakikutulia. Tulipokupakia kwa nguvu ulikuwa huwezi tena hata kutukemea.

Kwa hilo nina hasira na wewe pia, siyo nao tu. Ulibana kila kitu mpaka ukajibana mwenyewe. Khanga ya Neema ipo. Wewe hupo.

Msibani, unajua mwenyewe, mfiwa anakaa kwenye mkeka na nyumba inashikwa na mashangazi. Ufunguo wa kisima waliufungua kwenye pindo la khanga yako kabla hata hujaoshwa. Nilimwona kijana wa Shangazi Salome anaosha gari kwa maji yetu ya kunywa. Ningesema nini? Mfiwa akilalamikia maji wataambizana kwamba hana uchungu.

Siku ya kuanua matanga waligawa nguo zako. Hiyo ni desturi, sina neno. Lakini Shangazi akapanda darini, akashuka na ule ungo. Akagawa sabuni kipande kwa kipande, kwa watu wa Nanganga, wa Lulindi, wa Tandahimba. "Chukueni, kumbukumbu ya wifi yangu." Machozi yanamtoka. Na wale wale waliokuwa wanacheka wakazifunga kwenye mapindo ya khanga zao. Nilitaka kupiga kelele kwamba hiyo ni ya mwali.

Walipoondoka nikaenda bafuni uani. Wameacha vipande vya sabuni zao za dukani kila mahali, vyekundu, vyeupe, vya kijani, vyembamba vimelowa, vingine vimeng'ang'aniwa na unywele. Nikaviokota vyote. Nikaviosha, nikavikatakata, nikaviyeyusha na maji kidogo kwenye sufuria yako kama ulivyonifundisha, na mchaichai wako juu. Nikamimina kwenye kopo la siagi. Ikatoka sabuni moja ya madoadoa. Nililia wakati naikoroga, na kilichoniliza zaidi ni hasira.

Neema ametoka unyagoni Jumamosi. Maji nilinunua kwa kijana wa pikipiki, dumu kwa dumu. Nikamwogesha kwa sabuni ile na dodoki la uzio wako, nikamvika ile khanga uliyosema anunuliwe. Alipendeza, Mama. Akanusa mkono wake. "Mama, hainuki maandazi." Akaanza kulia, na siku ile mwali halii. Hapo ndipo nilipojua walichoninyang'anya.

Shangazi Salome naye alikuwepo, amejipamba. Akamkumbatia Neema, akavuta hewa. "Mwali ananukia huyu! Kumbe mlibakiza ya wifi? Nigaieni kipande jamani, ile yangu imekwisha, na inatoa madoa kuliko hizi zetu."

Nikamjibu mbele ya wote: "Imekwisha, Shangazi. Mliimaliza msibani."

Mimi nikaendelea kumpaka mwanangu mafuta.

Mama Zuhura ananiwekea mafuta yake. Majivu yapo. Mvua zikianza nitakinga, na ufunguo utakaa kwenye pindo langu. Nakuahidi Neema atajua kuipika, na ya kwake itanuka maandazi kabisa. Na akibanwa kifua mtu wa nyumba hii, pikipiki itaitwa hapo hapo, hata kama khanga haitanunuliwa.

Ila kuwagawia wale, Mama, hilo usiniombe. Wewe ungewagawia, tena ungecheka nao. Mimi bado.

Pumzika.

Mwanao,
Mama Neema