Choo Kabla ya Vigae

Januari mosi, usiku

Mikono bado ina udongo, mwandiko wenyewe umepinda.

Asubuhi mimi na Baba Neema tulikaa kupanga malengo ya nyumba ya mwaka huu. Yeye alitaka vigae sebuleni, kama kwa kaka yake anayeishi Bariadi mjini. Mimi nikasema choo kwanza, maana sakafu ya hiki cha zamani imepasuka tangu mvua za Desemba. Vyote viwili hatuviwezi kwa pamba ya ekari mbili.

"Kila mwaka choo, choo," akanijibu. "Mgeni anakaa sebuleni, hakai chooni."

Nikainuka nikaenda kuosha vyombo. Nilikosea kunyamaza.

Saa kumi na mbili jioni tukasikia kelele nyuma ya nyumba. Mama mkwe, ambaye siku hizi haoni vizuri, alikuwa ameng'ang'ania nguzo ya mlango wa choo, mguu mmoja umezama hadi gotini kwenye sakafu iliyobomoka. Mume wangu alimshika kwapani, mimi kiunoni, tukamvuta. Nilisikia udongo ukidondoka shimoni.

"Mayu, umeumia?" akamuuliza mama yake.

"Nimechubuka tu. Niacheni nikae."

Lakini sasa mguu umevimba. Kesho mapema tunampeleka zahanati. Naogopa mfupa.

Tulipomlaza, Baba Neema alichukua jembe akaenda kuchimba shimo jipya la choo. Nikamfuata, nikamwambia giza linaingia, aache hadi kesho.

"Uliniambia," akasema bila kuniangalia. "Uliniambia kabisa."

 Nikachukua koleo, nikaanza kutoa udongo.