Mafuta ya Korosho kwenye Mkono wa Gia

Newala, msimu wa korosho

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na Baba, bado anabishana na redio? Mimi huku ni mzima, kasoro vidole viwili vya mkono wa kulia vinabambuka ngozi kama kiazi kilichochemshwa. Usishtuke, si ugonjwa. Ni mapenzi, na nitakueleza. Ningekupigia simu, lakini wewe simu unaiweka sauti ya juu mpaka mbuzi wa jirani wanasikia, na jambo hili nataka ulijue wewe kwanza.

Kuna mwanamke, Mama. Anaitwa Rehema, ni fundi cherehani hapa Newala mjini, Mmakonde wa hapahapa. Alinishonea suruali ya kazini, mguu mmoja ukatoka mfupi. Nilipoirudisha alinipima upya, akaniangalia usoni bila haya, akasema, "Suruali haina kosa, Mwalimu. Mguu wako ndio mrefu." Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuchana nguo makusudi.

Basi nikatuma mshenga kwa baba yake, kama tunavyofanya kwetu Maswa. Mzee akampokea vizuri, akamlisha ugali wa muhogo kwa kuku, akasema amefurahi sana. Nikajua mambo yameiva. Nilipomwambia Rehema alicheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani. "Baba amefurahi, ni kweli, lakini baba hana kauli. Huku kwetu mtoto ni wa mjomba. Mjomba wangu yuko Chiwata, na mpaka aseme ndiyo, wewe bado ni mteja tu." Hebu fikiria, Mama! Kuku ameliwa, na mlangoni kwenyewe sijabisha hodi.

Sasa subiri usikie balaa lililonipata kabla ya kufika huko Chiwata.

Ile baiskeli yangu ya mashindano unaikumbuka, ile ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo, uliyosema inamfanya mtu aonekane anatafuta sindano barabarani. Gia zake zinabadilishwa palepale kwenye mkono wa breki: unausukuma pembeni kwa vidole, unalia "tak", cheni inahama. Tabu ni kwamba ilitengenezwa kwa watu wenye vidole virefu, nami nimerithi vyako. Kuufikia mkono huo ni kunyoosha mpaka ukucha uombe msamaha. Halafu ulikuwa mgumu. Ukisukuma kidogo hausikii, ukisukuma kwa hasira unaruka gia mbili. Na mlima wa kutoka Masasi kuja Newala si mlima wa kufanyiwa mzaha, hasa ukiwa umeng'ang'aniwa na gia nzito.

Jumamosi moja nilikuwa nimeshuka Masasi, nikasimama kwa fundi baiskeli mmoja pale Lisekese, mzee mwenye kofia ya sufu kwenye jua lile. Nikamwambia, "Mzee, nataka mkono huu wa gia ulainike, na usogee karibu na vidole." Akaubonyeza mara moja, akatikisa kichwa kama daktari. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, gia ilikuwa nyeusi, inanata, inanuka moshi. Alikuwa ameimiminia mafuta ya maganda ya korosho! Yale yanayochoma ngozi, ambayo watu wa huku wanapaka nguzo za nyumba ili zisiliwe na mchwa.

"Mzee, umefanya nini?"

"Mafuta haya ni kiboko, mwanangu. Hata mchwa hatagusa."

Mdomo uliniponza, Mama. Mbele ya watu wote nikapaza sauti: "Lini umeona mchwa anakula gia? Wewe hufai hata kutengeneza toroli!" Watu wakaangua kicheko. Nikapanda baiskeli kwa maringo yote, na nilipofika chini ya mlima yale mafuta yakawa yameganda, gia imekufa palepale ilipo, vidole vinawaka moto. Nilisukuma baiskeli mpaka Newala.

Baada ya wiki hivi Rehema akanipeleka Chiwata. Nimevaa shati jeupe, nimebeba sukari, nimefanya mazoezi ya kuamkia njia nzima. Mlango ukafunguliwa, ikatangulia kofia ya sufu. Nnungu wangu, ndivyo wanavyomwita Mungu huku, na mimi nilimwita hivyohivyo. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Shikamoo, Mjomba," nikasema, sauti nyembamba.

"Marahaba, Mchwa. Karibu ndani."

Rehema akageuka. "Mchwa? Mnafahamiana?"

"Tunafahamiana sana," akasema mzee. "Mchumba wako ni mteja wangu kule Lisekese. Ilikubali ile gia?"

Ningesema nini, Mama? Nikasema, "Imekubali, Mjomba. Iko laini kama siagi."

Akafurahi kweli. Akasema basi hana maswali mengi. Jumamosi inayofuata nitapanda mlima mzima bila kuweka mguu chini, naye atakuwa nyuma yangu kwenye bodaboda asikilize kazi ya mkono wake. "Gia ikiita vizuri, na sisi tutaitana vizuri." Tulipofika njiani Rehema akaniuliza, "Ulimwambia nini mjomba wangu?" Nilipomweleza machozi yakamlengalenga. "Huyo ndiye aliyenisomesha ushonaji. Akikataa siwezi kumpita." Pale ndipo nilipoogopa kweli, Mama. Mimi nampenda mtu huyu, na nilikuwa karibu kumpoteza kwa ajili ya mchwa.

Nikajifungia chumbani na bisibisi na mafuta ya taa. Nikakwangua ule ulimbo mpaka vidole vikabambuka vizuri. Nikafunua mpira wa kushikilia. Ndani kuna skrubu ndogo kama punje ya ulezi. Ukiizungusha, mkono unasogea karibu na vidole, na miaka yote hii sikuijua. Nikabadilisha waya. Ukilegea mno, ni kama unabonyeza uji. Ukikazwa mno, gia inahama kabla hujaamua. Nikakaza, nikalegeza, nikakaza, mpaka ukaita "tak" safi kwa kidole kimoja. Halafu, nisamehe, nikachukua mafuta yaleyale ya korosho, nikapaka kidogo kwa nje ili Mjomba aione kazi yake.

Jumamosi nilipanda. Kila kona naibadilisha gia kwa sauti, naye nyuma kwenye pikipiki anapiga kelele, "Msikieni! Msikieni!" akiwaambia hata wanawake waliokuwa wanaokota korosho kando ya barabara. Pumzi ilikwisha kabla ya mlima kwisha, lakini mguu haukugusa chini.

Nyumbani kwa baba yake Rehema watu walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanasubiri. Mjomba akaishika baiskeli, akaubonyeza ule mkono, tak, tak. Akaufunua mpira kwa ukucha. Akaingiza kidole, akakinusa, akaniangalia. Akaniinamia sikioni.

"Mafuta ya taa."

Nikanong'ona, "Nisamehe, Mjomba."

"Mke wangu naye anarudia kila ninachotengeneza. Kiti, mlango, paa. Anangoja nitoke. Tumeishi mpaka tumezeeka, anadhani sijui." Kisha akasimama wima, akawaambia watu kwa sauti kubwa, "Gia imekubali! Na mimi nimekubali. Sasa huyu alete mjomba wake, tuongee wanaojua."

Vigelegele vikapigwa. Rehema alijifunika uso kwa khanga, analia na kucheka pamoja.

Kwa hiyo, Mama, mwambie Mjomba Masanja, kaka yako, aache ng'ombe wake kidogo aje nawe. Bila yeye hawatasikiliza mtu. Najua mna maneno tangu harusi ya dada, lakini safari ni ndefu, mtapatana kabla ya kufika. Nakuomba kwa moyo wote.

Msalimie Baba na redio yake, Shangazi Kabula muuza dagaa, na mdogo wangu Ngolo, mwambie asiguse viatu vyangu.

Njooni mapema, maana sasa natembea kwa miguu kwenda shule. Mjomba aliponiaga aliushika mkono wa gia wa kushoto, akasema huu nao ni mgumu, nimwachie autengeneze vizuri.

Nikamwambia ahsante, Mjomba. Nikamwachia.

Mwanao akupendaye,
Mabula